Geti la Baba

Jumatatu, 12 Mei
Rehema amegonga sakafu ya uani na kijiko sasa hivi. Ngaa! Kama kengele ya shule. Akacheka, akagonga tena. Miezi kumi na mitatu, hajatembea bado, lakini kelele anazijua. Mvua imebandua simiti, chini kuna chuma. Nimefunika na ndoo. Nguo hazijakauka hata moja.

Jumanne, 13 Mei
Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Wanataka kubadilisha jina kabla kibao hakijaandikwa. Tunaitwa Kwa Geti na geti hakuna. Baba mkwe amekasirika. Anasema lilikuwapo, geti la reli, na yeye ndiye aliyekuwa akilifunga na kulifungua, na bendera yake nyekundu. Reli fupi, kutoka stesheni mpaka kiwanda cha unga. Hata muwa humalizi, umefika. Treni ikipita, kina mama nyuma wanazoa mahindi yaliyomwagika. Kiwanda kikafa, reli ikafukiwa, watu wakajenga.

Otieno kinyozi kamwambia, "Mzee, hilo geti ulilifunga au ulilila?" Watu wakacheka. Nimeumia. Lakini na mimi sikuwa nikimwamini. Niseme kweli.

Alhamisi, 15 Mei
Nilikuwa nakuna nazi, nikaikumbuka ile ngaa. Nimeondoa ndoo, nimechimba. Chuma kirefu, kinaingia chini ya ukuta wa jirani. Sijamwambia Baba. Kikiwa bomba la maji ataaibika mara ya pili.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemwonyesha aliporudi msikitini. Kachuchumaa, kapapasa. Kanionyesha pa kuchimba, hatua moja kubwa kushoto. Chuma cha pili! "Wallahi, mwanangu, ndiyo yenyewe." Mwanangu. Siku zote huniita Mama Rehema tu.

Jumamosi, 17 Mei
Mkutano umehamia uani kwangu. Wamemaliza sukari yote. Otieno kagonga chuma na kijiko cha Rehema, kasikiliza, kisha, "Shikamoo, mzee." Basi. Jina linabaki.

Jumapili, 18 Mei
Jua. Nguo zimekauka. Baba ameketi katikati ya reli zake na kitambaa chekundu cha jikoni. Akikiinua, Rehema anasimama. Akikishusha, anapita. Leo kapita hatua nne bila kushika kitu. Za kwanza! Nataka niziandike vizuri, aje azisome mwenyewe, kwamba alitembea mara ya kwanza pale pale ambapo babu yake

Abee, Baba! Anasema treni imeingia kwenye beseni la maji, ngoja nika