Mapumziko ya Kunyoosha Viungo

Dada yangu mpenzi,

Namshukuru Mola aliyekuamsha salama, nami namwomba akudumishie afya hiyo. Sisi hatujambo. Wifi yako amepaka sebule rangi ya kijani, nami nimeagizwa niipende.

Chuoni tumeletewa utaratibu mpya: katikati ya mhadhara wanafunzi husimama wakanyoosha viungo, na mhadhiri ndiye awaongozaye. Basi mimi, mwalimu wa fikihi mwenye mvi hizi, nikawaambia wainue mikono, nami nikainua yangu. Ukumbi mzima ukacheka.

“Shehe, na wa kushoto nao! Mbona unaubagua?” akasema binti mmoja wa mstari wa mbele.

Nikatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya meza, ilhali nilikuwa na yakini kwamba nimeinua yote miwili. Nikacheka pamoja nao, kwa kuwa sikujua la kufanya. Baadaye uliinuka vizuri. Wifi yako sijamwambia.

Tangu siku ile, kila nikihirimia sala, sijui kama nimeinua mikono miwili au mmoja.

Wewe ndiwe uliyemuuguza marehemu baba. Niambie bila kunionea huruma: kabla ya kupooza, alianza hivi?

Mdogo wako, akuombeaye kila alfajiri.