Kitufe cha Taa cha Pikapu ya Baba

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Lile bega lako limepoa, au bado unalalia upande mmoja? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila Baba macho yanazidi kufifia, na mimi hasira zinazidi kukua. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu huniambia "nitakuja mwakani, mdogo wangu" kabla sijamaliza kusema. Barua huwezi kuikatiza.

Habari yenyewe ni ya pikapu. Unavikumbuka vile vitufe vitano vya dashibodi? Vilikuja na maandishi ya kigeni ambayo Baba hakuyaelewa, nawe ukiwa darasa la saba ukachukua bikari ukamchongea maneno yetu: TAA, WAIPA, FENI, CHOKI, STATA. Herufi zako zote zilipanda juu kama zinakimbilia kilimani. Baba haendeshi tena, lakini kila asubuhi hukaa nyuma ya usukani na kuvipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba. Anasema anakagua gari. Mimi humwacha.

Rangi nyeupe uliyozijazia zile herufi ilikuwa imekwisha, uchafu wa miaka umeziba kila mchirizi. Nikasema nizirudishe kabla macho yake hayajazima. Wiki mbili nimekaa na kijiti cha meno na maji ya sabuni, nikisafisha herufi moja moja, kisha najaza rangi, nangoja ianze kushika, nafuta ya juu kwa kadi ngumu. Ukiwahi kufuta, rangi yote inatoka. Ukichelewa, inagandia nje. Neno STATA peke yake nimelirudia mara sita, na kwa hizi kucha zangu zilizojaa rangi wateja dukani wanadhani nina ugonjwa.

Kilipobaki kitufe cha TAA, ikafika zamu ya Baba ya hospitali. Nikamwachia jirani yetu fundi rangi, yule tunayemwita Profesa, nikamwambia nataka king'ae kama kipya. Ulimi uliponza kichwa, Kaka. Tuliporudi kilikuwa kinang'aa kweli, na hakina hata herufi moja.

"Nimekutolea na ile mikwaruzo ya watoto," akaniambia huku anatabasamu. "Msasa tu, dada, wala haikuchukua muda."

Nilitaka kumla mzima mzima. Lakini aliyetaka king'ae ni mimi.

Nikachonga upya mwenyewe, kwa bikari kama wewe, nikiiga herufi za kitufe cha STATA. Hata wewe ungedanganyika. Asubuhi Baba akaingia garini, akapapasa, akafika kwenye TAA, akarudia mara mbili. Akasema taratibu, "Huu si mkono wake." Akashuka. Siku tisa hakuingia tena garini, kutwa yuko kitandani akidai amechoka.

Nimekasirika, Kaka, na sikufichi. Ni mimi ninayemtia dawa ya macho mara nne kwa siku, ni mimi ninayemkata kucha. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, ila nyumbani kwetu asiyekuwapo ndiye anayetafutwa kwa kidole gumba. Nilijifungia bafuni nikalia, nikanawa uso, nikaenda kupika.

Daktari anasema huenda mwisho wa mwaka Baba asione kabisa. Kwa hiyo, hiyo "mwakani" yako naomba uiweke kando.

Ndani ya bahasha hii utakikuta kitufe. Nimeufuta mkono wangu kwa msasa, ni kitupu. Usikichonge huko ukakirudisha kwa posta. Njoo nacho, ukichonge ukiwa umekaa kando yake, akusikie unavyokwaruza.

Msalimie Shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu, anasema umemsahau, nami sikumpinga. Mungu akulinde na akufungulie njia.

Leo asubuhi nilipokichomoa nilimwambia Baba kwamba kinakuja kwako. Aliomba viatu vyake. Hivi ninavyoandika namwona dirishani, amekaa garini, kidole gumba amekiweka kwenye lile tundu.

Mimi dada yako akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Kitindamimba