Viatu vya Rehani

Korogwe, Agosti 1975

Kaka Mhina,

Shikamoo. Huku mahindi ya shamba la kijiji yamekauka kabla ya kubeba, ila mbuzi wako amezaa mapacha.

Mdogo wetu Rehani alizinduka baada ya majuma ya kupoteza fahamu, lakini bado tuko naye hospitali. Nesi Grasiana alikuwa akimkalisha kila asubuhi na kumnyoosha magoti, naye akilia. Mama akamfukuza nesi: "Mwanangu si wa kuteswa!" Akakunja kanga yake, akaiweka chini ya magoti ya Rehani ili apumzike vizuri. Sasa yameganda vilevile, hayanyooki. Nesi anasema tumechelewa. Mama anamshukuru Mungu kwamba mwanawe halii tena.

Vile viatu Rehani alivyokuagiza, kaka, usinunue.

Dada yako,
Zamda