Fufu ya Mihogo ya Wiki Tatu

Accra, Ijumaa

Mpendwa Dada Dufie,

Pokea salamu zangu. Natumai huko Kumasi mvua zimepungua na kifua cha Mama kimetulia. Mimi ni mzima, ila usingizi umenitoroka tangu kikao cha Jumanne.

Kazi ya baraza letu unaijua: wenye viwanda na wizara hukaa meza moja wakakubaliana utafiti upi utangulie, kisha kila upande huchangia nusu. Safari hii ilibidi wachague baina ya wanga wa kutengenezea gundi na njia yako ya kupaka mihogo nta ili isioze. Bwana Asiama, mwenye kiwanda cha gundi, alisema nta ni hadithi za maabara. Kwake, muhogo uliomaliza siku tatu tangu ung'olewe ni chakula cha mbuzi. Mkurugenzi wetu, Mama Frempomaa, akamtania kwamba akiachiwa atagandisha kwa gundi yake hadi ndoa za watu. Ukumbi ukacheka, lakini hakuna aliyekutetea.

Mchana wakala fufu ya mihogo iliyochemshwa na kutwangwa. Bwana Asiama alimeza tonge baada ya tonge, akaapa kwamba fufu laini hivi, isiyo na hata donge moja, haijapita kooni mwake tangu bibi yake afariki. Akaniuliza, "We binti, mihogo hii mmeing'oa leo asubuhi, eh?"

Nikajibu, ndiyo mzee.

Dada, ilikuwa mihogo yako ya nta. Niliipeleka jikoni kama tulivyopanga, ikiwa na wiki tatu tangu ing'olewe, ili wale kwanza ndipo niwaambie. Neno lilikuwa mdomoni. Kisha nikawaza watakavyolisifu jina lako, kama Mama anavyolitaja kwa kila mgeni, huku mimi nakusanya mabakuli. Kwa wivu nikalimeza neno lile. Walipomaliza kula wakapitisha gundi, wewe ukawekwa kando.

Leo asubuhi nimemweleza Mkurugenzi. Alimpigia simu Bwana Asiama, nikamsikia mzee akifoka kwamba amelishwa mihogo mizee kama mbuzi. Kisha mzee huyohuyo akauliza kama imebaki mingine.

Watakaa upya Alhamisi. Wanataka uje mwenyewe, na mihogo. Mimi nimeambiwa nisubiri uamuzi wao kuhusu kazi yangu.

Msalimie Mama, ila haya usimwambie. Utanikuta mlangoni. Nakuomba, ukinisamehe, unipe mkono wa kulia.

Mdogo wako,
Konama