Kichupa Kilichouzwa Pamoja na Friza

Bhavna shoga yangu,

Leo nakuandikia bila kulia. Kipande cha ubongo wako kiko mezani kwangu juu ya kioo, kinasubiri muda utimie, nami siwezi kukaa wala kusimama.

Ulitaka mwenyewe, ukiwa bado na akili timamu, kwamba ukifa, kabla mwili wako haujachomwa moto, madaktari wachukue kipande kidogo, nami nikipime kwa ile kingamwili uliyoitengeneza mwenyewe hapa maabara, inayoishika protini ya pale seli za ubongo zinapopeana habari na kuipa rangi ya kahawia. "Ukiona kahawia, Zuhura, jua zilikuwa bado zinaongea." Kisha maradhi ya kusahau yakakuzidi. Siku za mwisho ulimtazama mama yako usoni ukamwambia, "Wewe si mama yangu." Mpaka leo anaamini hukumsamehe kwa kukukataza kuolewa na yule kijana wa Songea. Majivu yako hajayapeleka majini kuyamwaga. Anasema hawezi kumsindikiza mtoto aliyemkana.

Mgao wa umeme umetuchosha maabara. Kariakoo siku hizi bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na mama yako ameacha vitambaa, anauza friza za Dubai. Jenereta anayo. Nikampelekea kichupa chetu cha mwisho cha kingamwili hiyo, anitunzie kwenye baridi. Yeye asiyegusa hata yai akaniuliza, "Hii imetoka kwa mnyama?" Nikamwambia sungura. Akakizungushia kitambaa, akakiweka kwenye friza iliyokuwa imewashwa mbele ya duka.

Leo asubuhi nimefika, friza haipo. Kamuuzia muuza barafu wa Buguruni. "Alikataa za kwenye boksi," mama yako akasema. "Alitaka hiyo hiyo aliyoiona inagandisha. Nikasahau, mwanangu." Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo wewe hukuwahi kuliona, tukaondoka mbio. Tulimkuta yule bwana anaisugua friza yake kwa sabuni. Kichupa kiko dirishani, kimeyeyuka. Alidhani ni dawa ya macho.

Ulinikataza kugandisha tena kilichoyeyuka. Kwa hiyo ni leo au basi. Nimeandaa vioo vitatu: chako, cha mtu aliyekufa ajalini akili zake nzima, na chako kingine ambacho sikukitia kingamwili. Hicho kikigeuka kahawia, rangi haikutoka kwa kingamwili na kazi yote ni bure. Kile cha ajali kikibaki cheupe, ujue jua la Buguruni limeshaiua kingamwili. Mama yako yuko nje kwenye benchi.

Nimetazama, Bhavna.

Kioo kisichotiwa kitu ni safi. Cha yule wa ajali kimejaa kahawia. Kwenye chako, mahali pale pale ni peupe karibu pote. Nimerudia kutazama mpaka macho yakaniuma. Hukumkana mama yako; seli zako zilikuwa zimeacha kuongea. Hukuwa tena na pa kumweka.

Nilimwita ndani. Akainama kwenye hadubini, ingawa sidhani alielewa alichokiona, akaniuliza, "Kwa hiyo hakuwa na hasira na mimi?" Nikamwambia hapana, mama. Akakaa chini sakafuni, na sari yake nzuri, akalia kwa sauti.

Kesho tunakupeleka majini. Kipande kilichobaki kitachomwa kwanza, uende ukiwa mzima. Kwaheri, shoga yangu. Mama yako nitakuwa nampitia dukani nimwamkie, na ikitokea siku akanisahau na yeye, nakuahidi sitamwekea kinyongo moyoni.

Wako,
Zuhura