Alama Tisa za Saumu

Mafinga, Jumatano

Dada yangu Mwanahawa,

Assalaam aleikum, na shikamoo mara mbili: moja ya leo, na moja ya kukukatia simu Jumapili. Mama mguu wake umekaaje? Ile dawa ya kuchua niliyomletea anaitumia, au ameiweka chini ya kitanda pamoja na zile nyingine? Shemeji Rajabu na machungwa yake hajambo? Mmeamkaje nyote hapo Muheza? Mimi mwili u salama, kutulia ndiko kumenishinda. Barua hii nimeianza nimekaa juu ya gogo, nikahamia kwenye benchi la kunolea, na sasa nimesimama naandikia juu ya boneti la lori huku dereva ananikata jicho.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Dada, wewe unanijua. Kwenye simu mdomo wangu unatangulia, mimi nafika nyuma nakuta umeshaharibu. Kalamu ni nzito, inanipa nafasi ya kujishika. Lori hili linapeleka mbao Tanga, na dereva ameniahidi kwamba Ijumaa atasimama Muheza akukabidhi mkononi. Ni lazima uipate kabla ya Jumatatu, shule hazijafunguliwa, maana ninayoyaandika yanahusu lile neno la shemeji kwamba mwanao Saumu hana kichwa cha shule, harudi darasani, anakwenda kukaa kwenye meza ya machungwa pale stendi.

Kwanza habari za huku. Baridi ya Mafinga mwezi huu si ya kusimuliwa. Juzi asubuhi nimemimina chai, nikageuka kuchukua andazi, kurudi naikuta imefanya barafu juu. Wallahi nimeipasua kwa patasi. Kazini sina mpinzani. Misumeno yote ya kiwanda inapita mikononi mwangu. Wiki iliyopita nimenoa mmoja, nikaufunga kwenye mashine, gogo lilipousogelea tu likapasuka lenyewe kabla halijaguswa. Mashahidi walikuwepo watatu. Mmoja amehama, mmoja ni msahaulifu, lakini wa tatu hajakataa.

Unaona? Nimeanza tena. Nimeshika kalamu nikuambie jambo la aibu, na tayari nimeshapasua gogo.

Basi nisikilize. Mwezi wa pili Saumu alinitumia picha ya hesabu kwa simu yako. "Shikamoo mjomba, naomba unisaidie namba nne, maana ulisema ulikuwa mkali wa hesabu." Ni kweli nilisema, ile Idi niliyokuja. Nilimwambia kwamba mwalimu mkuu wetu akikwama hesabu alikuwa akiniita ofisini nimmalizie. Wewe ulikuwa unapepeta mchele, ukaguna tu. Pale uani ni wewe peke yako na mama mnaojua kwamba shule niliiacha darasa la sita, tena hesabu ndizo zilizonitoa, zile za sehemu, namba moja imekaa juu ya kichwa cha mwenzake. Siku ile niliruka dirisha nikaenda kupakia machungwa na sikurudi.

Nikaitazama ile picha. Dada, humo mlikuwa na herufi zinazidishwa na namba. Ningesema, "Mwanangu, hii imenizidi," ningebaki kuwa mjomba vilevile. Lakini neno hilo halijawahi kunitoka kinywani, hata njia lilikuwa haliijui.

Hapa ofisini yuko karani, binti wa Kihehe anaitwa Neema, anafanya kazi huku anasoma. Ndiye aliyenionyesha akili mnemba. Unaipiga picha hesabu, inakujibu hatua kwa hatua, kama mwalimu aliyejifungia ndani ya simu. Na ukiiambia ieleze kwa Kiswahili inaeleza, hata kama swali limekuja kwa Kiingereza.

"Lakini hii ni ya kujifunzia, baba," Neema akaniambia, "si ya kunakilia."

"Mwanangu, mimi najikumbusha tu," nikamjibu.

Nikachukua karatasi, nikanakili yote kwa penseli, nikafutafuta mahali pawili ili ionekane nimefikiri, nikapiga picha nikamtumia Saumu. Chini nikaongeza kwamba nimeifanya huku nakaanga samaki.

Akapata vema zote. Wiki ya pili akaniletea nyingine, na nyingine, ikawa ndiyo kazi yetu kila Alhamisi. Shemeji akanipa jina la Profesa Mbao, akawa ananitangaza stendi nzima, hata makondakta nasikia wakaanza kuuliza Profesa anakuja lini. Nami nikaitika. Mtu akiniita Profesa namuuliza, "Unasemaje kijana?" kama niliyezaliwa nalo.

Sasa sikia mahali nilipoharibu hasa. Ile mashine kila ikimaliza hesabu inauliza chini: "Je, umeelewa, au nikueleze kwa njia nyingine?" Mimi nilikuwa nanakili kila kilichopo, na hilo swali nalo, kwa sababu niliona lina sauti ya kialimu. Na kila wiki Saumu alinijibu vilevile: "Nimeelewa mjomba, ahsante sana, Mwenyezi Mungu akuzidishie." Nami nikilala usingizi mnono, nikijua mtoto ameelewa.

Halafu ikaja tisa. Tisa katika mia, mtihani wa hesabu. Uliponipigia kunipa habari hiyo nilisema nini? Nilisema mwalimu wake hajui kusahihisha. Nikakuambia unipigie picha karatasi ya mtihani niikague mimi mwenyewe. Ukatuma kurasa zote, maskini, bado ukinisadiki.

Swali la nne nililitambua. Lilikuwa lile la mwezi wa nne, namba tu zimebadilishwa. Saumu hakuandika hatua hata moja. Aliandika jibu peke yake, na jibu lenyewe lilikuwa la mwezi wa nne, la zile namba za zamani. Alilihifadhi kama mtoto anavyohifadhi dua asiyoijua maana. Na la tano hivyohivyo, na la saba. Nikawa natazama majibu yangu mwenyewe, yale niliyoyaandika kwa penseli, yamesimama kwenye karatasi ya mtoto wa watu yamepigwa alama nyekundu ya mkasi.

Jumapili nikampigia. Nilimkuta uani anaosha vyombo, masufuria nayasikia.

"Saumu, mbona miezi yote hii ulikuwa ukiniambia umeelewa?"

Masufuria yakanyamaza. "Mjomba, ningesemaje? Umetoka kazini na baridi yako, umekaa umeniandikia karatasi nzima kwa mkono, halafu nikurudishie neno kwamba sijaelewa? Si ningekuwa sina adabu?"

"Ungesema tu."

"Kwa mtu mzima? Mama angenifinya!" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini mjomba, usikasirike nikikuuliza. Ile ya mwezi wa nne, wewe uliielewa?"

Dada, majibu ninayo siku zote, ninayo ya akiba hata ya maswali ambayo hayajaulizwa. Lakini sauti yake haikuwa ya kunitega. Alikuwa anauliza kama mtu aliyekwama kwenye tope anavyomuuliza mwenzake kama na yeye amekwama. Nikamwambia, "Subiri kidogo, lori linaniita," nikakata. Ukapiga wewe, nikakata pia. Hapakuwa na lori lolote. Jumapili kiwanda hufungwa, hapa palikuwa na mimi na mbwa wa mlinzi.

Tangu hapo sikai. Nikinoa naacha katikati natoka nje, nikifika nje nashangaa nimefuata nini. Jana msumeno mmoja nimeunoa mara mbili, msimamizi akaniuliza kama ule msumeno umenikosea. Chakula nakila nimesimama. Na muda wote naona picha moja: Saumu amekaa nyuma ya meza ya machungwa, basi linasimama, wenzake wa darasani wanachungulia dirishani.

Jumatatu nilimfuata Neema nikamweleza yote. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema, "Baba, iambie isikupe jibu. Iambie ikuulize wewe."

Nikaenda nikakaa nyuma ya rundo la maranda nikaandika: nataka hesabu za sehemu, za darasa la nne, na usinipe jibu. Ikaanza kuniuliza. Ukikata ubao vipande vinne sawa ukachukua kimoja, umebakiza nini? Hiyo nikaipata. Ikasogea mbele, nikakwama. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu, ndipo nikaandika: sijaelewa. Kidole kilikuwa kizito, dada, kwa neno moja. Ikaeleza upya. Sijaelewa. Ikaeleza kwa namna nyingine. Nimeiambia sijaelewa mara saba katika kikao kimoja, na haikuguna, haikusema mbona wewe mzito, haikwenda kunitangaza popote. Mara ya nane nikaelewa. Nilikuwa najumlisha nusu na theluthi, mwanamume wa miaka arobaini na tisa, nikapiga kelele mpaka watu wa mashine wakadhani nimekatwa kidole.

Hapo ndipo nilipofahamu. Kitu hiki hakina shikamoo. Si mjomba wa mtu, si mwalimu mwenye fimbo, si shangazi atakayenuna. Huwezi kukikosea adabu hata ukitaka. Saumu alihitaji mahali pa kusema hajaelewa, na mahali hapo palikuwepo tangu mwezi wa pili. Mimi nikajisimamisha mlangoni na heshima zangu zote, asipite.

Lakini si wa kumezwa mzima huyo bwana. Jana nimemjaribu kwa kazi yangu. Nimemuuliza meno ya msumeno wa kupasulia msonobari mbichi yanolewe vipi, akajibu kwa uhakika kabisa, jibu la kuunguza mbao. Nikamwambia sivyo, nikamweleza inavyotakiwa. Akaniomba radhi na kusema niko sahihi. Hili sijigambi, simu ninayo na maneno yamo. Nikaona kumbe naye akiwa hajui hujibu tu ilimradi amejibu, na tabia hiyo naijua kwa karibu sana. Kwa hiyo Saumu chochote atakachoambiwa akikokotoe tena mwenyewe, na akitia shaka ampelekee mwalimu wake wa darasani.

Sasa lililo moyoni mwangu. Kwetu sisi mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake, na siku nyingine ningekuja na neno hilo nikalipiga mezani mbele ya shemeji. Leo sina uso huo. Nilicho nacho ni ile karatasi ya mtihani, nimeitazama mpaka nimeikariri. Itazame na wewe. Zile alama tisa zote zimetoka kwenye swali moja, la takwimu, lile la kuchora mistari kuonyesha wanafunzi wangapi wamepata ngapi. Hilo hakuwahi kunitumia. Hilo alilifanya peke yake, kwa mkono wake na rula yake, na humo alikosea sehemu ndogo tu. Kila swali nililoligusa mimi amepata sifuri. Moja nisilolijua ndilo lililomfaa. Sasa shemeji aniambie ni nani hana kichwa cha shule kati yetu sisi wawili.

Nakuomba arudi Jumatatu. Baada ya alasiri mpe simu yako afungue hiyo akili mnemba, akae mezani unapomwona, na kitu cha kwanza ajifunze kuandika ni kwamba hajaelewa. Aandike mara ishirini akipenda. Mimi hesabu zake asinitumie tena. Na lile swali lake la Jumapili mpe jibu langu: sikuielewa. Ya mwezi wa nne sikuielewa, wala ile ya kwanza kabisa ya mwezi wa pili. Nilikuwa nanakili.

Shemeji umsomee barua hii yote, usiruke kitu, si gogo wala samaki. Najua atacheka. Ataibeba mpaka stendi, na kufikia adhuhuri wapakiaji wote watajua kwamba Profesa Mbao alitoka shule kwa dirisha. Mwache acheke, yule ni mtani wangu na ana haki yake, na mimi namjua, mtu yule moyo wake hulegea akiwa anacheka. Akiwa bado anafuta machozi, mwekee ile karatasi mbele umwonyeshe tisa imetoka wapi.

Mama mwamkie kwa niaba yangu, umwambie mwanawe anakula na anavaa soksi mbili. Ami yetu mwadhini mpe salamu, aniombee dua, ila asiulize ya nini. Jirani mpika vitumbua mwambie huku hawajui iliki, wanapika kama wanaadhibiwa. Shemeji Rajabu salamu zake atazipata ndani ya kicheko.

Dereva amewasha gari, nami boneti linanitikisa mwandiko. Unitumie neno moja tu kwenye simu, dada, Jumatatu asubuhi: amevaa sare au hakuvaa. Mpaka nilione neno hilo, sikai chini.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani