Muziki Tuliougawana Kama Ng'ombe

Baba,

Mwangaluka. Leo nimeanza mimi kusalimu, na huko mbele utaona kwa nini.

Siku ya kumaliza matanga yako, baba mkubwa aligawa mali. Ng'ombe aliwagawa vizuri, hakuna aliyenung'unika. Kisha akaugeukia muziki wako, vile vyombo vya kukodisha harusini, akaugawa vilevile, kila mtoto na chake. Mimi Kabula niliyebaki nyumbani kwako Somanda nikapewa amplifaya. Dada Minza akaenda na deki ya kanda kwake Mwamanyili. Masanja akafunga spika mbili kwenye baiskeli mpaka Mwamapalala. Wewe ungecheka, baba. Watoto watatu, kila mmoja ana kitu kisichoweza kutoa mlio. Tukanuniana, hata kutembeleana tukaacha.

Nakumbuka tulivyokwenda Mwanza kuununua, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani. Muuzaji alikusukumia mashine yenye kila kitu ndani. Ukaipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani, ukamwambia, "Hii ikiumwa jino, mwili mzima unalala. Nipe vya mbalimbali. Kimoja kikifa, vingine vinamngoja fundi." Kwenye basi deki ulinipakatisha mimi.

Sasa pamba imeuzwa, harusi zimeanza, na wateja wanakuja kuuliza. Duka moja la hapa Bariadi limeleta hom thieta: redio, video na amplifaya, vyote ndani ya boksi moja. Nikataka tuuze vipande vyako tuchangie hiyo. Angalau haigawanyiki, nikasema, labda tutapatana.

Nikamtumia Masanja ujumbe. Akaja na spika kwenye baiskeli, midomo imemkauka. Akasema spika zako zinakohoa. Kwake hakuna hata nguzo ya umeme, na nyaya za spika kazitundika ukutani, hazijaunganishwa na kitu. Zinakohoa asubuhi, mkewe akienda kukamua. Nikamwambia apunguze pombe. Sikumwambia kwamba amplifaya yangu, ambayo sijaichomeka tangu uondoke, nikiigusa asubuhi ina joto kama kiti kilichokaliwa.

Minza tulipomwita alikuja na deki, wala hakuuliza kwa nini. Asubuhi tukaviunganisha sebuleni kuvijaribu, nikawasha. Ndani hakukuwa na kanda, wala maiki hatukuchomeka. Kikatoka kikohozi kimoja, kikavu, kile chako cha mlangoni. Masanja akatoka nje. Nilikuogopa, baba, wewe uliyenilea.

Minza ndiye aliyeelewa. Mzee haanzi kusalimia watoto wake. Hukohoa, akangoja. Na sisi, tangu tukuzike, tulikuwa tukikupita humo ndani ya vyombo vyako bila hata salamu. Akapiga magoti mbele ya spika. "Mwangaluka, baba."

Spika hazikukohoa tena. Nikaigusa amplifaya, imepoa.

Hom thieta nimeiacha dukani kwao. Vipande vyako vimekaa pamoja hapa Somanda, na harusi ya kwanza tulikwenda wote watatu, Masanja kakumbatia spika nyuma ya pikapu, Minza akimtania njia nzima. Nilikukumbuka.

Pumzika sasa, baba. Nakuahidi vipande hivi havitagawanywa tena nikiwa hai, na kila nitakapotaka kuwasha nitapiga magoti nikusalimu kwanza. Ila nakuomba sana, usiitikie.

Mwanao,
Kabula